Maji Matamu Yenye Floraidi: Kutafuta Chanzo cha Kemikali katika Maji ya Kunywa ya Arusha na Meru

Mgeni anayetoka Dar es Salaam, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, akifika katika baadhi ya vijiji na mitaa inayouzunguka Mlima Meru hushangaa kuona sabuni inavyotoa povu upesi, maharage yanavyoiva bila kusumbua na maji yanavyoteremka kooni bila ladha ya kuudhi. Mwenyeji wake atamwambia kwamba maji ya mlimani ni matamu, naye atakuwa anasema kweli. Hata hivyo, sifa hizo tatu zikikutana ndizo zinazopaswa kututia shaka kwanza katika eneo hili, kwa kuwa maji yenye soda nyingi (chumvi ya aina ya magadi) na kalsiamu kidogo ndiyo yanayoweza kubeba floraidi nyingi, kemikali ya miambani inayoharibu meno na mifupa ikizidi, bila kuiacha njiani.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu watu wengi hutafuta kemikali kwa pua, ulimi na macho. Viungo hivyo hutambua chuma, chumvi na gesi ya yai viza, lakini havitambui hata kidogo floraidi, nitrati, risasi wala aseniki, ambazo kwa viwango vinavyopatikana katika maji ya kunywa hazina rangi, harufu wala ladha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili zinazoonekana mwilini na jikoni, unarudi nyuma hadi kwenye chanzo cha maji, kisha unapeleka sampuli maabara. Sehemu kubwa inahusu floraidi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi hapa kwetu.

Meno ya mtoto yana mistari myeupe, madoa ya kahawia au vishimo

Kwanza hakikisha kwamba dalili hiyo inatokana na floraidi. Madoa ya floraidi hukaa kwa ulinganifu: jino la kushoto likiwa na mstari mweupe unaofanana na chokaa, jino mwenzake la kulia huwa na mstari unaokaribia kufanana nao, kwa sababu meno hayo mawili yalijengwa kwa wakati mmoja. Jino moja pekee lenye doa huenda liliumizwa, au lilipata maambukizi kutoka kwa jino la utoto lililolitangulia. Kuoza huanzia kwenye mikunjo ya magego, katikati ya jino na jino au karibu na ufizi, na sehemu iliyooza huwa laini ikiguswa kwa chombo cha daktari. Rangi ya chai na tumbaku huondoka jino likisafishwa kliniki. Doa la floraidi haliondoki kwa mswaki, na inasikitisha kuwaona watoto wakisugua meno kwa mchanga au majivu hadi fizi zinatoka damu, kwa kuwa wameambiwa kwamba ni uvivu wao wa kupiga mswaki.

Ukishathibitisha, usikimbilie kuyalaumu maji yanayotoka bombani leo. Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu mtoto akiwa mchanga, na gamba lake gumu la nje, yaani enameli, hukamilika miaka kadhaa kabla ya jino kuchomoza akiwa na umri wa miaka sita hadi minane. Doa unaloliona kwa mtoto wa darasa la pili ni taarifa ya maji aliyokunywa alipokuwa akijifunza kutembea. Swali la kwanza, basi, ni hili: mtoto huyu alikuwa akiishi wapi, na uji wake ulipikwa kwa maji gani, kati ya kuachishwa ziwa na kufikisha miaka mitatu au minne? Familia iliyohama kutoka Ngarenanyuki, eneo la Meru lenye floraidi nyingi, kuja mjini miaka mitano iliyopita inaweza kutumia fedha nyingi kulipiga vita bomba lisilo na kosa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Wazazi humtazama mtoto wa miaka mitatu mwenye meno meupe na kujipa moyo kwamba maji ni salama. Meno ya utoto huathirika kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu yake kubwa hujengwa kabla ya kuzaliwa na katika miezi ya kunyonya, na maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Hatari huanza pale uji, maji ya kunywa na maziwa ya kopo yanapochukua nafasi ya ziwa, na ushahidi hujitokeza wakati ambapo hakuna tena cha kuokoa kwa jino hilo. Ukiwa na maji machache salama ndani ya nyumba, wape kwanza walio chini ya miaka minane, na miongoni mwao aliyeachishwa ziwa karibuni ndiye wa kwanza.

Cheti kinasema maji yanafaa, lakini meno yanasema vingine

Soma tarakimu kwanza, kisha usome mwaka, na neno «yanafaa» uliache mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita kama kiwango cha muda, kwa sababu katika maeneo mengi ya bonde la ufa hapakuwa na chanzo kingine, na baadaye ikashusha kiwango chake hadi 1.5. Kisima kilichopimwa zamani kikapata 3.6 kiliandikiwa kwamba kinafaa, na karatasi hiyo inaweza kuwa bado imehifadhiwa katika faili la kamati ya maji kana kwamba ni hati isiyokwisha muda. Ukikuta cheti cha namna hiyo, kisima chako hakijabadilika, bali kipimo cha kukihukumu ndicho kilichobadilika, na maji hayo yana zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sasa.

Angalia pia ni chanzo gani kilichopimwa. Mji unaolishwa na chemchemi na visima kadhaa hauna «maji ya mji» ya aina moja. Mtaa mmoja unaweza kupata maji ya chemchemi asubuhi na ya kisima kirefu jioni kulingana na pampu iliyowashwa, na kipimo kilichochukuliwa kwenye tangi kuu hakisemi chochote kuhusu tawi linalolishwa moja kwa moja na kisima.

Wengi huamini kwamba kisima kirefu ni salama kuliko kifupi. Kwa vijidudu, mara nyingi ni kweli. Kwa floraidi imani hiyo huwapoteza watu, kwa sababu miamba ya volkano ya Meru ina madini yenye floraidi, na kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo ndivyo yanavyoyayeyusha zaidi. Maji machanga yaliyotoka kwenye mvua karibuni, hasa upande wa juu wa mlima, yanaweza kuwa na floraidi kidogo, ilhali kisima kilichochimbwa chini zaidi kikawa na mara kumi ya kiasi hicho. Mto Engare Nanyuki umewahi kupimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 20 kwa lita, na maziwa ya Momella, yasiyo na njia ya kutolea maji, yana mamia ya miligramu. Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa zaidi na watafiti wa madhara ya floraidi. Lakini hata huko visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, hivyo kisima cha jirani hakiwezi kukutolea ushahidi.

Maji yamepimwa, yako chini ya 1.5, na bado watoto wadogo wanapata madoa

Hapo ingia jikoni. Cha kwanza cha kutazama ni magadi. Katika nyumba nyingi za Arusha na Kilimanjaro magadi hutumika kulainisha maharage, makande na kiburu, na yale yanayokusanywa juu ya udongo au kutoka ziwani katika bonde la ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi mno. Watafiti wa Tanzania wameonyesha kwamba magadi ndiyo yanayoeleza madoa ya meno katika maeneo ambayo maji yake hayana floraidi ya kutosha kuyasababisha. Kuyapunguza hakuhitaji fedha: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha upike kwa muda mrefu kidogo. Najua kwamba kuni zina bei, na simlaumu mama anayetafuta njia ya mkato, lakini chungu cha mtoto kinaweza kutengwa.

Cha pili ni chai. Mmea wa chai hukusanya floraidi katika majani yake, hasa majani yaliyokomaa, na mtoto anayepewa chai ya rangi kila asubuhi anaongezewa floraidi juu ya ile ya maji. Cha tatu ni maji ya shuleni au shambani, ambayo mtoto huyanywa kwa saa nyingi kuliko ya nyumbani bila mtu kuyahesabu. Cha nne ni dawa ya meno yenye floraidi inayomezwa. Usiiache, kwa kuwa inakinga kuoza, ila kwa aliye chini ya miaka mitatu tumia kiasi cha punje ya mchele na umfundishe kutema.

Mgongo umekakamaa, viungo vinauma, miguu ya mtoto imepinda

Floraidi nyingi kwa miaka mingi huingia mifupani, na mtu mzima huanza kulalamikia maumivu ya viungo na mgongo usiokunjika, huku yeye na jamaa zake wakidhani kwamba ni baridi yabisi au uzee. Dalili hizo hazitofautishwi kwa macho, zinahitaji picha ya eksirei na daktari aliyeelezwa mgonjwa alikulia wapi. Mtajie mahali hapo mwenyewe, hata usipoulizwa.

Matege kwa mtoto yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa yanaweza kutokana na floraidi, na yanaweza pia kutokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, ambao una tiba. Upungufu wa kalsiamu katika chakula huyazidisha madhara ya floraidi kwenye mifupa, hivyo mambo mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, na asiachwe nyumbani kwa hukumu ya «ni maji tu, sote tuko hivi».

Tunachemsha, tunatia dawa, tunachuja, na floraidi haishuki

Kuchemsha huua vijidudu na huongeza mkusanyiko wa floraidi, kwa kuwa maji hupanda kama mvuke na floraidi hubaki. Lita 5 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi zikabaki lita 4, sasa zina miligramu 3.75 kwa lita. Hii haimaanishi kwamba tuache kuchemsha. Maana yake ni kwamba tuchemshe kwa kufunika sufuria, tuache moto pale maji yanapotokota, na tutambue kwamba shughuli hiyo inashughulikia kipindupindu na homa ya matumbo peke yake. Vidonge vya klorini havigusi floraidi. Kichujio cha mshumaa wa udongo hakiigusi. Kitambaa, mchanga wa kawaida na kuweka chupa juani pia haviigusi.

Njia nyepesi kuliko zote inayofanya kazi ni kuchanganya na maji yenye floraidi kidogo, na hesabu yake inawezekana kwa ndoo. Kama kisima chako kina miligramu 6 na chemchemi ya juu ina 0.5, ndoo moja ya kisima ikichanganywa na ndoo tano za chemchemi hutoa maji yenye miligramu 1.4. Ukichanganya na nne, unapata 1.6, yaani umezidi. Mvua haina floraidi ya kuhesabika, kwa hiyo ndoo moja ya kisima hichohicho kwa tatu za mvua hufikia 1.5 kamili. Mamlaka za maji hutumia kanuni hiyohiyo kwenye matangi makubwa, na ndiyo sababu pampu moja ikiharibika maji ya mtaa hubadilika bila rangi yake kubadilika.

Mvua yenyewe inastahili kupewa nafasi kubwa kuliko tunayoipa. Paa la bati la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 100 na robo yake ikapotea, hukusanya lita 3,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu huhitaji lita 3,750 kuvuka siku 150 za kiangazi kati ya masika na vuli, kwa hiyo tangi la lita 5,000 lililojazwa mwishoni mwa masika linatosha, mradi maji yake yasitumike kufulia nguo. Mwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha paa, na uyatibu kwa klorini au kuchemsha, kwa kuwa kinyesi cha ndege hakijui kwamba unatafuta kuepuka floraidi. Tatizo la njia hii ni bei ya tangi, na hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kufanya jambo ambalo nyumba moja hailiwezi.

Kichujio cha mkaa wa mifupa kinasumbua

Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa, na kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika hiyo ndiyo teknolojia ninayoiamini zaidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe na kujazwa katika ndoo au bomba pana. Madini yaliyomo katika mfupa hunasa floraidi maji yanapopita polepole. Hitilafu zake nyingi zinasomeka vizuri.

Maji yakitoka na harufu ya nyama au rangi ya manjano, mifupa haikuiva: moto ulikuwa mdogo na mafuta hayakuisha. Usijaribu kuiosha kwa wiki nzima, irudishe tanurini. Mkaa mzuri huwa mweusi au kijivu cheusi. Ukiwa mweupe kama majivu, umeungua kupita kiasi na hewa iliingia nyingi, nao hautanuka wala kutia rangi, lakini uwezo wake wa kunasa floraidi umeshuka sana. Mkaa mweupe ndio hatari zaidi kati ya hiyo miwili, kwa kuwa maji yake hupendeza.

Maji yakitoka kwa kasi na kipimo kikaonyesha kwamba floraidi imepungua kidogo tu ilhali mkaa ni mpya, chembe ni kubwa mno au maji yamejitengenezea njia pembeni ya ndoo. Punguza mfunguo wa bomba, tikisa na ushindilie upya. Yakitoka kwa matone, chembe ni ndogo mno au vumbi halikuoshwa.

Hitilafu kubwa kuliko zote haina dalili. Mkaa hujaa. Siku ulipojaa, maji huendelea kutoka safi na baridi kama jana, yakiwa na floraidi yote ya kisimani. Niliwahi kufika katika shule moja ambayo ilijivunia kichujio chake, nikauliza mkaa ulibadilishwa lini, na hakuna aliyekumbuka, kwa sababu mwalimu aliyekisimamia alikuwa amehamishwa. Watoto walikuwa wakipanga foleni kwenye bomba hilo kila mapumziko. Tangu hapo ushauri wangu ni kwamba tarehe ya kubadilisha iandikwe kwa rangi ya mafuta juu ya ndoo yenyewe, na maji yanayotoka yapimwe kila baada ya miezi michache. Chanzo chenye floraidi mara mbili hujaza mkaa ndani ya takriban nusu ya muda, hivyo usiige ratiba ya kijiji kingine.

Kuhusu imani za watu, swali la mifupa ni halali na lijibiwe wazi kabla ya kufunga kichujio: ni mifupa ya mnyama gani, na ilitoka machinjio gani. Wanaoikataa wapewe njia nyingine bila kubishana nao. Mojawapo ni shabu na chokaa, njia iliyobuniwa nchini India na kujaribiwa pia Ngurdoto, ambayo hukorogwa kwenye ndoo na kuachwa itulie. Ubaya wake ni kwamba kipimo cha shabu lazima kifuate kiasi cha floraidi, na ikizidi huacha aluminiamu na salfeti katika maji.

Mitambo ya utando wenye shinikizo, yaani inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba unaozuia madini, inayotumiwa na wauzaji wa maji mijini, huondoa floraidi vizuri utando ukiwa mzima. Maji taka yake yamebeba floraidi iliyosukumwa kutoka upande mwingine, kwa hiyo yasinyweshwe ng'ombe, kwani meno na mifupa ya mifugo huharibika vilevile.

Kuna onyesho moja la wauzaji wa mitambo hiyo ambalo sharti nilikemee. Mtu huja na kifaa chenye ncha za chuma, akakitumbukiza katika glasi ya maji yako ya bomba, na baada ya dakika moja maji yanageuka tope la kahawia, huku glasi ya maji yake ikibaki safi. Tope hilo limetoka kwenye ncha za chuma zilizoliwa na umeme, kwa sababu maji yenye madini hupitisha umeme na yasiyo na madini hayapitishi. Onyesho hilo halipimi floraidi wala sumu yoyote. Kalamu ya kupimia jumla ya chumvi nayo haipimi floraidi, na maji yenye soda kiasi cha wastani yanaweza kusomeka vizuri kwenye kalamu na yakawa na miligramu 5.

Dalili zinazoonekana, zenye madhara madogo zaidi

Chai ikigeuka nyeusi kama wino, au mashati meupe yakipata madoa ya kutu, tafuta chuma. Maji yakitoka kisimani angavu na kugeuka mekundu yakiachwa kwenye ndoo, chuma kimo ardhini. Yakiwa mekundu asubuhi tu na kusafika baadaye, ni bomba la chuma la nyumbani linaliwa na kutu. Madoa meusi yanayoteleza ndani ya tangi ni ya manganizi, ambayo imewekewa kikomo cha kiafya kwa ajili ya watoto wachanga na isidharauliwe. Ukoko mweupe ndani ya birika ni kalsiamu, nayo haidhuru afya. Harufu ya yai viza hutoka kwenye gesi ya ardhini au kwenye tangi lililokaa bila kusafishwa, na harufu ya klorini siku mbili tatu baada ya bomba kukarabatiwa ni ishara kwamba kuna mtu amefanya kazi yake. Chumvi kwenye visima vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mara nyingi ni ya bahari inayovutwa na pampu, na kupunguza saa za kupampu husaidia kuliko kuchimba zaidi.

Mtoto wa chini ya miezi sita amekuwa wa buluu midomoni

Hii ni dharura: hospitali kwanza, maji baadaye. Miongoni mwa sababu zake ni nitrati, inayozuia damu kubeba oksijeni kwa watoto wanaolishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Chanzo chake mijini ni vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka yaliyobanana na visima, na vijijini ni samadi na mbolea. Visima vya Dodoma na visima vifupi vya Dar es Salaam vimekutwa na nitrati nyingi. Kama ilivyo kwa floraidi, kuchemsha huizidisha, na klorini haiiondoi. Kisima chenye nitrati nyingi pia kina uwezekano mkubwa wa kuwa na vijidudu, hivyo kipimwe vyote viwili. Mtoto anayenyonya ziwa la mama bila kuongezewa kitu kingine yuko salama kwa upande huu.

Hakuna dalili yoyote, ila mahali panatia shaka

Ukiishi karibu na machimbo ya dhahabu, hasa Geita na Mara, omba aseniki na zebaki vipimwe hata kama maji ni angavu. Aseniki ya eneo la Ziwa Victoria iko pia kwenye miamba yenyewe, hivyo haitoshi kusema kwamba mgodi uko mbali. Kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa lita, sawa na cha risasi. Risasi hutokea zaidi ndani ya nyumba, kwenye koki za bei rahisi za shaba nyeupe, viungio na mabomba ya zamani. Ili kuitambua, chukua lita ya kwanza asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, kisha acha maji yamwagike dakika kadhaa uchukue ya pili. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, tatizo ni koki yako. Zote mbili zikiwa juu, tatizo liko nje ya nyumba.

Kuchukua sampuli ya floraidi na kufuatilia majibu

Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita, mpya au iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale unayoyapima, wala usiisafishe kwa dawa ya meno au sabuni yenye manukato. Chukua moja kwenye chanzo na nyingine mahali mtoto anapokunywa. Andika juu ya chupa jina la chanzo, tarehe, saa, na kama pampu ilikuwa imewashwa. Floraidi haiharibiki upesi, kwa hiyo sampuli inaweza kusafiri siku kadhaa bila barafu, tofauti na nitrati inayotaka ubaridi na kufika maabara ndani ya siku mbili. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Arusha. Rudia kipimo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika, kwa kuwa mvua huyapunguza makali ya chemchemi na kukudanganya ukipima wakati huo tu.

Omba jibu kwa tarakimu na kizio chake, yaani miligramu kwa lita. Kama chanzo ni bomba la mjini, peleka nakala kwa mamlaka ya maji; kama ni mradi wa kijijini, peleka kwa chombo cha watumia maji na RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya; kama mnataka kuchimba kisima kipya upande wa kusini wa Meru, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayotoa kibali, na ombeni kuona vipimo vya visima vya jirani kabla ya kumlipa mchimbaji. Nakala ya mwisho ibandikwe ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, ili daktari wa meno atakayemwona akiwa na miaka saba aweze kusoma ni maji gani aliyoyanywa akiwa na miwili.